Damu ya Ng'ombe wa Nne

11 Februari

Mpwa wangu mpenzi, Bi Maswali,

Pokea salamu nyingi, tena za mtu mwenye haraka, maana dereva wa lori la maziwa ameshawasha gari na anapiga honi kana kwamba barabara ni ya baba yake. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako hajambo isipokuwa goti. Cherehani haijambo, nimeibadilisha mkanda. Binamu yako amejifungua mtoto wa pili, wa kike, anafanana na marehemu bibi yako mpaka inatisha. Tangu azaliwe amekunja uso.

Sasa jambo lenyewe. Ng'ombe wangu watatu wamegoma. Mwalimu, yule mwenye baka jeupe anayekutazama kama umefeli mtihani, ana miezi minne tangu azae na hajaonyesha joto hata siku moja. Bibi Harusi amepandishwa mara mbili, haikushika. Mpole maziwa yamepungua nusu. Halafu kuna siku Mwalimu anatokwa na mate mpaka kifuani, macho yanachuruzika, tumbo linaendesha, mapaja yanatetemeka. Siku mbili anatulia. Baada ya wiki inarudi. Bwana mifugo alikuja, akazunguka zizi, akasema ni upepo.

Wewe si ndiye unayesoma damu za wanyama huko maabara? Nitumie dawa ya kuwatia joto. Usinitumie maswali. Nakujua.

Mjomba wako,
Fundi


27 Februari

Shikamoo mjomba,

Barua yako ya tarehe 11 imenifikia leo. Dereva anasema aliisahau mfukoni mwa koti, na koti alimwazima shemeji yake. Huku niko salama. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda, mwenye nyumba anasema si kuvuja, ni jasho la ukuta. Mpe binamu hongera, na huyo mtoto mwambieni nimefurahi kwamba kwenye ukoo kuna mtu mwingine mwenye hasira za haki.

Umenikataza maswali, nami ninayo manne. Unawanyunyizia dawa gani ya kupe? Mara ngapi? Unaipimaje? Na wewe mwenyewe unavaa nini unaponyunyizia? Ningekuuliza kwa simu lakini tumeshajaribu. Nikitaja dawa ya kupe mtandao wako unakatika, nikitaja mtoto mchanga unarudi wazi kabisa.

Nakuuliza kwa sababu hayo uliyoyaeleza si upepo. Dawa nyingi za kupe ni za jamii inayoitwa organofosfeti. Sikiliza zinavyofanya kazi. Neva ikitaka msuli ujikunje, inamwaga kemikali kidogo sana katikati yao. Msuli unaipata habari, unajikunja. Kisha anakuja mfagiaji, yaani kimeng'enya ambacho kazi yake ni moja tu, kuifagia ile kemikali ili msuli upumzike. Dawa hii inamfunga mfagiaji mikono. Habari inabaki palepale, msuli unaambiwa jikunje, jikunje, jikunje, hauachiwi. Tezi za mate nazo hivyo hivyo, za machozi hivyo hivyo, utumbo hivyo hivyo. Kupe anakufa kwa njia hiyo. Na ng'ombe akizidishiwa, njia ni hiyo hiyo. Na mtu pia, mjomba. Nimeipigia mstari makusudi.

Nimempa dereva chupa tatu ndogo zenye vizibo vya zambarau. Bwana mifugo atoe damu, chupa ziwekwe kwenye barafu, zirudi siku hiyo hiyo. Na majibu ya maswali manne. Manne.

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Goti la mkaza mjomba wako limeanza kutabiri mvua, na kwa kweli linaishinda redio. Mtoto mchanga ametabasamu Jumatano, mama yake akapiga picha, ilipotoka ile picha alikuwa ameshakunja uso tena.

Nakujibu kwa mpangilio, usije ukasema mjomba hana adabu. La kwanza: dawa ya kupe. La pili: kupe wakionekana. La tatu: kipimo ni kile kile cha siku zote. La nne: nguo.

Chupa zako tatu zilifika salama. Bwana mifugo akazitia mfuko wa nyuma, akakaa.

Nimekushonea koti jeupe la maabara, maana ulilalamika kwamba lile la kazini lina mikono mirefu. Limo humu kwenye kifurushi. Usiseme mjomba hakukumbuki. Na ile dawa ya kuwatia joto sijaiona bado.

Mjomba wako


(Chini, kwa kalamu nyingine:) Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba wako, yeye ameenda kutafuta bahasha. Anakudanganya. Ananyunyizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili, kifua wazi, bomba mgongoni linavuja. Akirudi anatapika, anasema ni jua. Mboni zake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Uzi siku hizi namtungia mimi. Anasema ni umri. Usimwambie nimekuandikia.


6 Aprili

Shikamoo mjomba,

Mimi ni mzima, chumba bado kinatoka jasho. Namwombea mtoto aendelee kukunja uso, dunia inastahili.

Asante kwa koti. Sasa nilizungumzie. Mjomba, wewe ndiye uliyeshona suti ya harusi ya baba yangu, ile ambayo mpaka leo hakuna anayeiona mishono yake. Wewe uliwahi kufumua gauni langu la kipaimara mara tatu kwa sababu upande mmoja ulizidi mwingine kwa upana wa ukucha. Koti hili mfuko wa kushoto uko chini ya wa kulia kwa vidole viwili. Ukosi umepinda. Kwenye kwapa mshono umetoka nje ya kitambaa, ukarudi, ukatoka tena. Nimelitandaza kwenye meza ya kazini nikalisoma kama ninavyosoma majibu ya damu, na sikupenda nilichokisoma. Usiniambie ni umri. Desemba ulinishonea sketi bila kosa, na umri haumpati fundi tangu Desemba mpaka Machi.

Majibu yako ya maswali manne nimeyasoma kwa sauti mbele ya wenzangu maabara. Wamecheka mpaka mkuu wetu akatoka ofisini. Mimi sikucheka. "La nne: nguo." Mjomba, nina umri wa miaka ishirini na nane na umenizeesha kwa barua moja.

Dawa ya kuwatia joto haitasaidia, nakueleza kwa nini kisha naomba usiniombe tena. Joto la ng'ombe halianzii tumboni, linaanzia kichwani. Ubongo unaiamuru tezi ndogo iliyo chini yake, haizidi ukubwa wa harage. Hiyo tezi inapeleka homoni kwenye ovari, ovari zinakomaza yai na kutoa homoni zao, ndipo ng'ombe analia, anapanda wenzake, wewe unafurahi. Sasa dawa ikishawafunga mikono wafagiaji, ubongoni nako kunakuwa fujo. Amri zinafika nusu, au hazifiki. Homoni za uzazi zinashuka. Tezi ya shingo nayo inaweza kulegea. Na kwa sababu mwili unadhani uko hatarini, homoni ya mfadhaiko inapanda na kuzidi kuzibana zile nyingine. Mwalimu hajagoma. Mwalimu hajapata habari. Nikimchoma sindano ya kumtia joto huku wewe unaendelea kumnyunyizia, nitakuwa nampigia mlango mtu aliyezirai.

Natuma chupa sita safari hii, kwa sababu ya makalio ya bwana mifugo. Jibu swali la tatu kwa maneno ya Kiswahili. Unapima kwa nini? Kiasi gani? Kwenye maji kiasi gani? Na acha kunyunyizia mpaka nikuambie, na wewe mwenyewe nenda hospitali ukapimwe damu.

Mpwa wako aliyechoka


19 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Naona umeniandikia kwa hasira, kalamu imetoboa karatasi mahali pawili. Bibi yako alikuwa hivyo. Sisi wazima wote.

Koti nilishona kwa haraka, ndiyo yote. Lilete nilifumue.

Kuhusu swali la tatu nimekwambia, kipimo ni kile kile, tena ni kipimo cha mtu aliyesoma. Mimi sikukitunga. Tuishie hapo.

Bwana mifugo ametoa damu, safari hii amesimama muda wote. Natuma chupa nne. Moja Mwalimu, Mbili Bibi Harusi, Tatu Mpole. Ya Nne ni ya ng'ombe wa jirani. Usiniulize jirani gani. Ni dume, mzee kidogo, mkaidi, hafai hata kwa nyama. Mwenyewe anataka tu kujua. Ukishapima nipe namba yake, mimi nitamfikishia.

Mjomba


26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa wote. Leo sina habari za chumba.

Majibu ni haya. Kama kazi ya mfagiaji kwa ng'ombe mzima ni mia, kwa Mwalimu ni thelathini na mbili. Bibi Harusi arobaini. Mpole hamsini na moja. Ndiyo maana Mwalimu anatetemeka, na ndiyo maana hakuna anayeshika mimba. Acha kunyunyizia. Waogeshe kwa maji mengi na sabuni. Mwalimu akirudia kutokwa na mate au akipumua kwa shida, bwana mifugo amchome atropini, dawa ya kuizima sumu hii, na asithubutu kutaja upepo.

Sasa ng'ombe wa Nne.

Mashine ilinipa namba isiyoeleweka. Nikarudia, ikanipa ile ile. Nikadhani nimeharibu kitu, nikaweka tone kwenye kioo nikalitazama kwa hadubini. Chembe nyekundu za ng'ombe ni ndogo, mjomba. Naziona kila siku, nazijua kama wewe unavyojua vifungo. Hizi zilikuwa kubwa. Nilizitazama nikazitambua, na mwenzangu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba.

Nikapima upya kwa kipimo cha binadamu. Ishirini na tisa. Uko chini ya Mwalimu.

Nakuambia wazi nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote. Miezi miwili nakuuliza swali moja. Ungeweza kufa, na mimi ningebaki na barua inayosema "la nne: nguo". Nani alikutoa hiyo damu? Kama ni bwana mifugo na sindano yake ya ng'ombe nitamshtaki. Ulijua unaumwa, ukajipeleka kwangu umejificha kwenye foleni ya mifugo, ukitumaini nitakupa namba na wewe utamfikishia mwenyewe. Hiyo si akili ya mtu mzima. Nimelia, na ninaandika hili ili ulijue.

Nenda hospitali siku utakayoisoma barua hii. Si kesho yake. Mpe daktari karatasi niliyoiambatisha. Mkaza mjomba akupeleke, nimemwandikia na yeye barua yake, kwa hiyo usijisumbue kuificha hii.

Na ninataka kujua kipimo. Mtu aliyesoma ni nani? Nimtafute nimwambie nusura aue ng'ombe watatu na mjomba wangu.


10 Mei

Mpwa wangu,

Nimekwenda. Nililazwa siku tatu. Daktari amenitazama macho kwa kurunzi akaita wenzake waje waone. Nimechomwa sindano, nimeogeshwa kama mtoto mchanga, mashati yangu matatu yamechomwa moto. Anasema mwili utatengeneza wafagiaji wengine polepole, huenda miezi mitatu, mradi nisiiguse tena ile dawa. Nikamuuliza kuhusu kutunga uzi. Akasema macho yatafunguka. Kuhusu mikono akasema tusubiri. Nimekubali kusubiri. Sare za shule nimempa fundi mwenzangu wa duka la pili, na unajua ninavyouchukia ushonaji wake.

Damu nilitolewa na nesi wa zahanati, si bwana mifugo. Nilimwambia ni ya kupima malaria. Hospitali naiogopa, kwako siogopi. Ndiyo sababu, haina nyingine.

Hapana, ipo nyingine. Mkaza mjomba wako amesema kama sikuandikii mimi atakuandikia yeye, na mwandiko wake ni mbaya zaidi.

Mwaka wako wa kwanza chuoni nilikuandikia nikuulize namna ya kuchanganya dawa ya kupe, maana maandishi ya kwenye chupa yalikuwa madogo. Ukanijibu kwa karatasi moja. "Mjomba, vifuniko viwili kwa ndoo moja ya maji. Usizidishe." Ilikuwa karatasi ya kwanza ya kitaalamu kutoka kwa mtu wa ukoo wetu. Niliitia kwenye nailoni, nikaipigilia misumari ukutani zizini. Miaka tisa nimefuata hivyo hivyo, sijazidisha tone.

Wewe ulipoanza kuniuliza kipimo, ningesemaje? Ni cha kwako. Nilijua hakiwezi kuwa na kosa, na kama kina kosa sikutaka kuwa mimi wa kukuambia.

Nilipotoka hospitali nikachukua kijiko cha dawa ya mtoto nikapima maji. Kifuniko cha chupa ya zamani ninacho bado, natilia pini. Kinajaa kijiko kimoja. Tangu Desemba mwenye duka analeta chupa kubwa, dawa ni ile ile. Kifuniko chake kinajaa vijiko vinne. Nilikaa hapo na kijiko mkononi mpaka mkaza mjomba wako akaja kuniondoa.

Tatizo lililobaki ni majirani. Nyumba nne wamekuja kunakili ile karatasi ukutani kwangu, nikiwatembeza kwa majivuno. Usiogope. Nimeshapita kote. Nimewaambia fundi mimi nilisoma vibaya, macho yangu mabovu, mpwa wangu aliandika sawa. Wamenicheka, wameelewa, wameacha. Jina lako liko safi. Karatasi nimeibandua.

Usilie tena. Mwalimu jana hakutoa mate.

Mjomba wako


17 Mei

Shikamoo mjomba wangu,

Nashukuru uko nyumbani. Mwambie mkaza mjomba kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko wa kwako kwa sasa, na asikuruhusu ukaribie zizi hata kumsalimia Mwalimu. Mbusuni mtoto.

Ninaikumbuka ile karatasi. Nilikuwa na mtihani asubuhi yake. Kitabu kilikuwa mezani, kipimo cha mililita kilikuwa kwenye ukurasa uliofunguka, na nikaona uvivu wa kukueleza mililita ni nini na utazipimia nini. Nikaandika vifuniko kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Sikujiuliza chupa ikibadilika itakuwaje. Kisha miezi mitatu nimekufokea, nimekuchekea mbele ya wenzangu, nimekuuliza nani huyo aliyesoma. Naona aibu, mjomba. Sijui nikuombeje radhi, kwa hiyo naomba hivi hivi.

Lakini bado nimekukasirikia, na sasa kwa jambo jipya. Nani amekutuma upite nyumba nne ukijisingizia upofu? Unadhani watu hao wakiamini kwamba karatasi ilikuwa sawa, watafanya nini wakishachoka kukucheka? Wataitafuta nakala waliyoiweka, wataichunguza kwa macho yao mazima, watasoma vifuniko viwili, na wataendelea kutia vifuniko viwili. Umelisafisha jina langu kwa damu ya ng'ombe wao. Silitaki hivyo.

Nakuja Jumamosi na lori la maziwa. Naleta vikombe vitano vya kupimia vyenye mistari, glovu, na chupa za damu za nyumba zote nne, za ng'ombe na za watu. Nitapita mlango kwa mlango mwenyewe, wewe utakaa kwenye kiti. Lakini kupe hawangoji Jumamosi, kwa hiyo karatasi niliyoiambatisha ipigiliwe misumari leo, pale pale ilipokuwa ile ya zamani, upande wa nje ambako kila mtu anaiona. Usiipunguze neno. Hasa mstari wa mwisho.

Mpwa wako


KWA MAJIRANI WOTE MLIONAKILI KIPIMO CHA DAWA YA KUPE HAPA

Msipime tena kwa kifuniko. Chupa mpya ina kifuniko kikubwa, kinazidisha dawa mara nne. Acheni kunyunyizia mpaka Jumamosi, nitakapokuja na vikombe vya kupimia. Ng'ombe anayetokwa na mate, machozi au kutetemeka aogeshwe kwa maji na sabuni na aitiwe bwana mifugo. Mtu mwenye dalili hizo aende hospitali leo.

Fundi hakusoma vibaya. Alisoma sawasawa kila neno. Aliyeandika vibaya ni mimi.